Kifuniko cha Tangi Lenye Tumbo

Tangi la samaki la mstatili linaweza kufunikwa na mtu yeyote mwenye rula. Anapima urefu, anapima upana, anakwenda kwa muuza vioo, anarudi na kipande kilichokatwa na kukilaza juu. Tangi lenye tumbo, lile ambalo kioo chake cha mbele kimepinda kumwelekea mtazamaji, halikubali haraka hiyo. Kila kiwanda kina mpindo wake, na hata matangi mawili ya kiwanda kimoja huweza kupishana kwa milimita kadhaa. Kifuniko kilichokuja na tangi kikivunjika, dukani hupati kingine isipokuwa kwa bahati. Hapo ndipo mwenye tangi anapomtafuta fundi, na hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi hii ndogo isiyoimbwa na mtu, inayodai ujuzi mwingi kuliko ukubwa wake.

Kwa nini samaki afunikwe? Kwa sababu samaki wengi wa nyumbani huruka. Huruka wakifukuzwa na wenzao, huruka taa ikiwashwa ghafla usiku, huruka maji yakiharibika. Miongoni mwa warukaji wanaojulikana sana ni samaki wetu wenyewe, Nothobranchius guentheri wa Unguja, mwenye urefu wa sentimita 5 hivi. Dume lake lina mkia mwekundu na magamba ya kibuluu yaliyopigwa ukingo mwekundu. Kwao porini huishi katika madimbwi ya msimu. Dimbwi likikauka wazazi hufa, na mayai hubaki hai udongoni yakingoja mvua. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wamemweka nyumbani kwa miongo mingi, nao wanajua kwamba upenyo mdogo tu kwenye kona unamtosha. Hata samaki wa Ziwa Tanganyika wa jamii ya Tropheus, ambao husafirishwa kwenda kwa wafugaji wa ng'ambo, ni wagomvi wa mipaka, na anayefukuzwa hana pa kukimbilia isipokuwa juu. Aliyewahi kuokota samaki aliyekauka nyuma ya kabati asubuhi hahitaji maelezo zaidi.

Kuna na suala la maji yenyewe. Yanapogeuka mvuke huondoka peke yake na kuacha chokaa na chumvi tangini, kwa hiyo tangi lililo wazi likiongezewa maji ya bomba kila mara, maji yake yanazidi kuwa magumu. Mvuke huo huondoka pia na joto. Ndiyo maana vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa Ulaya vinahimiza tangi lifunikwe lote, ili hita isifanye kazi bure. Ushauri huo unafaa Nairobi mwezi wa Julai, unafaa Mbeya na Arusha. Tanga, Mombasa na Dar es Salaam mwezi wa Februari mambo yamegeuka: tangi lililozibwa kabisa chini ya taa hupanda joto, maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na samaki wanaanza kuhema juu ya maji. Fundi wa pwani anatakiwa aache nafasi ya hewa kutoka bila kuacha nafasi ya samaki kutoka. Ni mvutano wa milimita, na kwangu mimi ndio moyo wa kazi yenyewe.

Fundi ninayemfikiria hapa yuko Gerezani, Dar es Salaam, kati ya wachomelea vyuma na watengeneza mabango. Mabango ndiyo yaliyomfundisha akriliki, ile plastiki angavu ambayo wengi wanaijua kwa jina la Perspex. Ilianza kuuzwa kwa jina la Plexiglas mwaka 1933 na kampuni ya Otto Röhm wa Ujerumani, na tangu hapo imekuwa vioo vya ndege, taa za magari, herufi za maduka. Fundi huyu hutunza vipande vinavyobaki baada ya mabango, akiviegemeza ukutani kwa unene wake: milimita 3, 4, 5, 6. Mteja akifika na habari ya tangi lenye tumbo, fundi hamwombi vipimo. Anamwomba anwani ya nyumbani.

Akifika kwenye tangi anakaa kimya kwanza, anazunguka, anainama kutazama ukingo. Kisha anauliza.

"Mama, hapa nyuma panapita nini?"

"Panapita bomba la chujio, fundi. Na waya wa taa, na mpira wa hewa."

"Na samaki wanalishwa na nani?"

"Mjukuu wangu."

"Basi mlango wa chakula uwe mbele, mkono wake ufike."

Hajagusa chombo, lakini nusu ya kifuniko imekwishaamuliwa.

Sasa tumbo. Kwa mtu wa hesabu jambo ni jepesi. Chukua nusu ya urefu wa tangi uizidishe kwa yenyewe, ugawe kwa mara mbili ya kina cha tumbo, kisha ujumlishe nusu ya kina hicho. Tangi la sentimita 90 ambalo tumbo lake limetokeza kwa sentimita 10 linakupa nusu kipenyo cha sentimita 106.25. Pigilia msumari sakafuni, funga penseli kwenye ubao mwembamba wa urefu huo, chora. Fundi anaijua hesabu hiyo, na huitumia kukadiria ukubwa wa kipande cha kuchukua ghalani. Kukata haikatii. Kioo cha mbele kilipindwa kiwandani kwa kulainishwa na moto juu ya kalibu, na kioo kilichopindwa hivyo mara nyingi hunyooka kidogo kinapokaribia kona. Mchoro wa duara kamili utakubaliana na tangi katikati na kuliacha kwenye ncha, na ncha ndiko samaki anakotorokea.

Kwa hiyo anatengeneza patani ya boksi. Anakata kipande cha kadibodi kilicho kidogo kuliko mdomo wa tangi, pungufu ya vidole viwili kila upande, anakiweka katikati kikishikiliwa na fito mbili zilizolazwa juu ya tangi. Halafu anachukua vijipande vyembamba vya kadibodi na kuvisukuma kimoja kimoja hadi ncha ya kila kimoja iguse ukingo wa ndani, anakibandika kwa seloteipu, anahamia kinachofuata. Upande wa nyuma ulionyooka anaweka vichache. Kwenye tumbo anavipanga karibu karibu, na kwenye kona, pale mpindo unapobadilika tabia, vinasongamana kabisa. Nimemwona akirudi kwenye kijipande kimoja, akakibandua kwa sababu kilikuwa kimeinama kidogo kwa kusukumwa, akakibandika upya kikiwa kimenyooka. Akimaliza, ncha za vijipande vyote ndizo umbo halisi la tangi lile, pamoja na kasoro zake zote.

Anaunganisha ncha hizo kwenye boksi jipya kwa kutumia utepe wa plastiki unaopindika, na patani ya kwanza huijaribu tangini. Kisha anafanya kitu ambacho mwanzoni sikukielewa: anaigeuza patani, upande wa chini uwe juu, kulia kuwe kushoto, na kuijaribu tena. Tangi likiwa sawa pande zote mbili, patani itakaa vilevile. Lisipokuwa sawa, pengo litaonekana upande mmoja na mwingine utabana. Akiona tofauti anapunguza boksi hadi likae vizuri kwa namna zote mbili. Sababu ya kuhangaika hivyo imo ndani ya akriliki yenyewe.

Akriliki hunywa maji. Ni kidogo sana, katika uzito haifiki hata sehemu 3 kwa 100 ikishiba kabisa, lakini kwenye kifuniko cha tangi ubaya ni kwamba inakunywa upande mmoja. Chini kuna mvuke saa zote, juu kuna hewa ya chumba. Upande wa chini unavimba, wa juu unabaki ulivyo, na baada ya muda kipande kilichokuwa bapa kinashuka tumbo katikati na kuinua kona zake. Wengi hufikiri wameuziwa plastiki mbovu. Plastiki ni nzima. Imefanya kilicho katika maumbile yake. Kipande kinene kinachelewa kupinda, na ndiyo sababu ya fundi kuchagua milimita 5 au 6 pale ambapo mtu mwingine angeweka 3 kwa kubana gharama. Lakini dawa yake kubwa ni kugawa. Mpindo wa aina hii hukua kwa mraba wa urefu: ukikata kifuniko cha sentimita 90 kuwa viwili vya 45, kila kimoja kitashuka robo tu ya kile ambacho kizima kingeshuka.

Hapo ndipo kugeuza patani kunapolipa. Tangi lililo sawa pande zote likifunikwa kwa vipande viwili vinavyokutana katikati, kipande cha kushoto kikigeuzwa kinakuwa kipande cha kulia hasa, na cha kulia kinakuwa cha kushoto. Mwenye tangi anaambiwa: kila unaposafisha, geuza vyote viwili na uvibadilishane. Upande uliokuwa ukinywa unakauka, uliokuwa mkavu unakunywa, na mpindo unarudi ulikotoka. Hakuna chuma cha kushikilia wala mbavu za kuzuia. Nimeona vifuniko vya bei kubwa vilivyofungwa mbavu za plastiki kwa chini vikipindika pamoja na mbavu zake. Huu wa kugeuza ni uamuzi wa mtu anayeijua mali ghafi yake kwa undani, na mimi nauweka juu ya urembo wowote.

Hata mlango wa chakula umetii sharti hilo. Kitasa kingeng'ang'ania upande mmoja na kuzuia kugeuza. Badala yake fundi anakata nusu duara kwenye ukingo wa kila kipande pale vinapokutana, karibu na tumbo la mbele, na vipande vikilazwa nusu hizo mbili zinakamilisha tundu moja. Mjukuu anadondoshea chakula hapo, na mama anapitisha kidole hapohapo kuinua kipande chochote. Kijiduara kidogo cha akriliki kikubwa kuliko tundu kinalazwa juu yake bila gundi. Kwa nyuma anafanya hesabu hiyohiyo: nafasi ya bomba kona ya kushoto, nafasi iliyo sawa nayo kona ya kulia, ingawa kulia hakuna bomba. Ile ya kulia inakuwa njia ya hewa, imezibwa kwa wavu mwembamba wa plastiki. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam tundu hilo si la kupoteza.

Kukata ni kazi ya kusikiliza. Karatasi ya kinga haibanduliwi. Msumeno wa umeme, ule mafundi wanaouita jigso, ukikimbizwa unayeyusha akriliki, na plastiki iliyoyeyuka inajiunga tena nyuma ya meno, kiasi kwamba unamaliza kukata na kipande bado kimeshikamana. Fundi anautuliza mwendo, anakibana kipande mezani kisitetemeke, na anakata nje ya mstari kwa milimita 2 au 3. Mlio wa mashine ukianza kuzama anasimama, anaacha ubavu upoe, anaendelea. Pale panapotakiwa pembe ya ndani, kwenye nafasi ya bomba, anatangulia kutoboa tundu kwa kekee na kuuleta msumeno hadi kwenye tundu hilo, pembe ibaki ya mviringo. Pembe kali ya ndani ndiyo mwanzo wa ufa, leo au mwakani. Biti ya kekee nayo ameinoa kwa namna yake, makali yake yamepunguzwa ili ikwangue polepole; biti ya kawaida ya chuma huingia kwa pupa na kupasua akriliki inapotokea upande wa pili.

Kisha inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, nayo ndiyo inayochukua muda mrefu. Kipande kimesimamishwa kwenye jiriwa, ukingo wake juu. Anaanza na tupa, anakuja kwenye msasa uliofungwa kwenye ubao mrefu, namba 180, na kwa mikono miwili anaupitisha kutoka kona hadi katikati kwa mkupuo mmoja. Mkupuo mfupi unachimba bonde, na bonde kwenye tumbo la kifuniko huonekana na jicho lolote. Baada ya mikupuo michache anaiegemeza patani kwenye ukingo na kuinua vyote viwili kuelekea mlangoni. Panapopita mwanga ndipo paliposhuka, panapogusana ndipo pa kusugua. Anaweka alama kwa penseli, anarudi. Hasemi kitu, na ukimsemesha anajibu baada ya mkupuo kwisha. Kutoka 180 anakwenda 240, halafu 400 kwa maji, 600, 800. Ukingo uliokuwa mweupe wa mikwaruzo unaanza kupitisha mwanga.

Wapo wanaomaliza kwa moto: wanapitisha ncha ya mwali haraka juu ya ukingo nao unang'aa papo hapo. Inapendeza. Fundi huyu huitumia njia hiyo kwenye mabango, kwenye kifuniko haitumii, nami naona ana haki. Moto unaacha mkazo ndani ya plastiki, na siku mtu akifuta ukingo huo kwa spiriti au kwa dawa ya vioo yenye amonia, nyufa ndogo ndogo kama za nywele zinajaa. Kifuniko cha tangi kitafutwa mara nyingi, na mfutaji hatamuuliza fundi. Ukingo wa msasa hauna mng'ao ule, lakini hauna siri.

Mwisho anapunguza ukingo wote kidogo, kwa sababu akriliki hutanuka. Kipande cha sentimita 90 kikipata joto la nyuzi 10 zaidi kinarefuka kwa zaidi ya nusu milimita, na kikinywa maji kinaongeza zaidi. Kifuniko kinachobana leo kitanyanyuka chenyewe baadaye. Anaacha milimita 2 kuzunguka. Samaki wa Unguja hapiti hapo, na mvuke unapita.

Kioo cha kawaida je? Wapo wanaokipendelea na wana hoja. Hakinywi maji, hakipindi, hakikwaruziki kwa kitambaa. Kwa tangi letu la mfano, ambalo upana wake penye kona ni sentimita 35, kifuniko kizima cha kioo cha milimita 4 kina uzito unaokaribia kilo 4, na cha akriliki cha unene huohuo hakifiki kilo 2. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa mjukuu ni hatari. Kukata mpindo kwenye kioo kunataka mkono wa aina nyingine: kigurudumu kilichochovywa mafuta ya taa, mstari mmoja usiokatizwa wala kurudiwa, kisha mistari ya pembeni ya kuelekea nje ili taka ing'oke kwa vipande, na kugongwa kwa chini taratibu hadi ufa utembee njia uliyoonyeshwa. Nafasi ya bomba haikatwi pembe ya ndani, kona nzima ya nyuma inakatwa mshazari. Kioo kilichopashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, kile kinachovunjika punje punje, hakikatiki kabisa. Mwenye mkono huo nampa heshima yangu yote. Ila kioo kikikosewa hakirekebishiki kwa msasa namba 180.

Siku ya kuvipeleka vipande, karatasi ya kinga inabanduliwa palepale kwenye tangi. Vinalazwa, vinakutana katikati kwa mstari usiozidi unene wa kadi, bomba linapita bila kusukumwa. Fundi anainama hadi jicho liwe sawa na ukingo, anatembea kutoka kona ya kushoto hadi ya kulia akifuata pengo lile la milimita 2, anavigeuza, anavibadilishana, anatembea tena. Taa inapowashwa, sehemu 92 kwa 100 za mwanga wake zinapita, na samaki wanaonekana kana kwamba hakuna kitu juu yao.

Gharama ya plastiki katika kazi hii ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kinacholipiwa ni muda. Ukimpata fundi anayeomba kuliona tangi kabla ya kutaja bei, usimharakishe na usimpunguzie. Futa kifuniko kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, chokaa ikishika tumia siki kidogo, dawa ya vioo iache kwa ajili ya madirisha. Na omba upewe patani ya boksi uondoke nayo. Andika juu yake kwamba pengo la milimita 2 bado halijapunguzwa, andika upande wa mbele, uihifadhi mahali pakavu, kwa maana kifuniko kitakachofuata kitakatwa kwa hiyohiyo.